Hilux ya mzee, injini 22R: kuijaza oili kabla ya kuiwasha

Jumatatu, wiki ya tisa

Bloku imerudi leo asubuhi kutoka kuchongwa, imeviringishwa kwenye viroba viwili na kupakiwa nyuma ya bajaji. Silinda zote nne zimetanuliwa kwa milimita 0.50, krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) nayo imepunguzwa kwa 0.50, na beringi za saizi hiyo, vile vipande vyembamba ambamo mhimili huo unazunguka, zilishafika kutoka Kariakoo tangu wiki iliyopita. Ukiiangalia kwa nje, kazi imekaa vizuri. Ila injini hii haikuuawa na kitu cha nje.

Kwa anayeanzia hapa: gari ni Hilux ya baba yangu, injini 22R ya kabureta, sisi 2,366. Imeshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta mpaka Morogoro mjini tangu nikiwa shule ya msingi. Hii ni mara ya pili inafunguliwa. Mara ya kwanza, miaka minne iliyopita, ilikuwa kwa ule ugonjwa ambao fundi yeyote wa 22R anaujua: reli ya plastiki inayoongoza cheni ya taimingi ilikatika, cheni ikalegea na kuanza kulisaga kava la taimingi, ikasaga mpaka ikatoboa upande wa maji. Maji yakaingia kwenye oili, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, beringi zikafa.

Tukaipeleka kwenye gereji moja, jina naliacha. Vipuri vilikuwa vipya na vya uhakika, nilivinunua mwenyewe. Siku ya kuwasha nilikuwepo. Walimimina oili, wakafunga filta kavu kama ilivyotoka kwenye boksi, wakapiga stata. Ikawaka pale pale, watu wakapiga makofi. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikabaki inawaka. Mmoja akasema itazima yenyewe, akakanyaga mafuta ili oili ipande haraka. Nilikuwa nahesabu moyoni. Taa ilizima nilipokaribia arobaini.

Injini ile ilitembea miezi mitano, ikaanza kugonga. Tangu hapo gari lilikaa chini ya mwembe nyumbani. Nilipoifungua mwaka huu nilikuta beringi zote nne za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti) zimeliwa ile ngozi ya kijivu ya juu, shaba iko wazi, na krankshafti ina mistari ambayo ukucha unakwama ukipita. Hizo ndizo zile sekunde arobaini.

Safari hii nimeweka sharti moja na fundi amelikubali: plagi hazirudi kwenye matundu yake mpaka nione kwa macho yangu oili inatoka kwenye roka ya mwisho (roka ni mikono midogo juu ya injini inayosukuma vali), na geji ya presha inasimama kwa nguvu ya pampu yenyewe. Akanijibu, "Hata mimi sitaki kuifungua tena, mwanangu."

Jumanne

Siku nzima ni kuosha.

Bloku ilipotoka kuchongwa ilikuwa imeoshwa, ndivyo tulivyoambiwa. Fundi hakusema neno. Alichukua bisibisi pana akavitoa vizibo vya njia kuu ya oili, ule mfereji mrefu unaopita ndani ya bloku na kugawa oili kwenye beringi zote tano kubwa. Akaingiza kipande cha waya chenye kitambaa cheupe ncha moja, akakivuta upande wa pili. Kikatoka cheusi, na ukikisugua kati ya vidole unasikia chenga. Ni vumbi la jiwe la kuchongea na la chuma, limeshikana na oili ya zamani.

Hapa kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka leo. Tunapanga kuisukumia injini oili kupitia tundu la swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu ya dashibodi. Tundu hilo liko baada ya filta. Oili itakayoingia hapo inakwenda moja kwa moja kwenye beringi, haichujwi na chochote. Kwa hiyo uchafu wowote uliobaki ndani ya mfereji tutausukuma sisi wenyewe mpaka kwenye beringi mpya. Kama njia hazijaoshwa, ni afadhali usisukume kabisa.

Tumetumia brashi ndefu za kuoshea chupa za watoto, mafuta ya taa kwanza, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kisha upepo wa kompresa, tukarudia. Krankshafti pia, kila tundu linalotoka kwenye jino la beringi kubwa kwenda kwenye jino la konrodi. Kitambaa cha sita ndicho kilichotoka cheupe. Mara baada ya kukauka tukapaka oili kila sehemu iliyochongwa, maana silinda iliyooshwa kwa sabuni inaanza kutu ndani ya muda mfupi.

Vizibo vimerudi na gundi ya uzi. Nimevihesabu mara mbili.

Jumatano mpaka Ijumaa

Kufunga chini. Nayapitia haraka kwa sababu hayana jipya: krankshafti imelala, beringi zimepimwa kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa kisha unasoma upana wake. Zote zimeangukia kati ya milimita 0.038 na 0.051, ndani ya 0.025 hadi 0.055 ya kitabu cha Toyota. Nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele, na ndiyo nyumba ya oili. Pistoni zimeingia, cheni mpya imeingia, na reli zake safari hii zina mgongo wa chuma. Kava la taimingi ni jipya.

Tenshena ya cheni hii, yaani kifaa kinachoikaza, inasukumwa na presha ya oili. Kwa hiyo injini inayowashwa kavu haiumizi beringi peke yake, hata cheni inapigapiga kwa sababu hakuna kinachoibana. Nikikumbuka ile kelele ya siku ile ya makofi, sasa naelewa sehemu yake ilitoka wapi.

Jumamosi

Pampu ya oili.

Kwenye 22R pampu iko mbele kabisa, nyuma ya puli ya krankshafti, imefungwa kwenye kava la taimingi. Gia yake ya ndani inavaa meno ya krankshafti yenyewe, na gia ya nje inazunguka kuizunguka, katikati kuna kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Oili inavutwa kutoka kwenye chujio chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), inapanda, inapita kwenye pampu, inakwenda kwenye filta, ndipo inaingia njia kuu.

Mpwa wangu alinionyesha video ya Wamarekani na Chevrolet V8: wanatoa distributa, wanaingiza fimbo ndefu, wanaizungusha pampu kwa drili mpaka oili inatoka juu kwenye roka. Akaniuliza, "Mjomba, si tufanye hivi?" Kwa injini ile inawezekana, pampu yake inaendeshwa na fimbo ya distributa, drili inaizungusha huku injini imesimama. Pampu yetu imeshikwa na krankshafti. Huwezi kuizungusha bila kuzungusha injini nzima, yaani beringi nazo zitazunguka zikiwa hazijapata oili. Ndiyo maana tunahitaji njia mbili na siyo moja: oili ya kutoka nje kwa ajili ya beringi, na kitu cha kuisaidia pampu ianze kunyonya.

Pampu mpya ni kavu, na iko juu ya usawa wa oili ya sampu. Gia kavu zinapozunguka zinapitisha hewa pembeni, hazina mkamato wa kuivuta oili kutoka chini. Dawa yake ni ya zamani: fungua kifuniko cha pampu, jaza Vaseline kila nafasi kati ya gia, funga. Vaseline inaziba mianya, pampu inapata nguvu ya kunyonya, na injini ikipata moto Vaseline inayeyuka na kuchanganyika na oili bila kuacha kitu. Kijana wa gereji alikuwa ameshashika kopo la grisi ya beringi za matairi. Fundi akamzuia: grisi ile imetengenezwa isiyeyuke, bonge lake linaweza kusafiri na kuziba tundu dogo.

Tumejaza Vaseline kopo karibu zima la gramu 50, kwa kidole, taratibu, huku tukizungusha gia ili isibaki mifuko ya hewa. Pampu imefungwa, puli imerudi. Injini itaingia kwenye gari Jumatatu.

Jumanne, wiki ya kumi

Injini iko kwenye gari tangu jana jioni. Leo nimezunguka mjini kutafuta vifaa vya kusukumia oili.

Kuna mitungi maalumu ya kazi hii, mtungi wa chuma wenye geji na upepo wa kompresa. Sikuipata na sikuihitaji. Nimenunua bomba la kupulizia dawa mimea, la lita 5, lile la kupampu kwa mkono, kwenye duka la pembejeo wanakonunua wakulima wa nyanya. Ni jipya kabisa, halijawahi kuonja dawa. Ukitumia lililowahi kunyunyizia shamba utaipelekea injini yako maji, chumvi na mchanga. Nimekata kichwa cha kunyunyizia na kutoa kichujio kidogo kilichokuwa kwenye mkono wake, kwa sababu oili nzito haipiti hapo.

Kilichonichosha ni nipeli. Tundu la swichi ya oili ya Toyota lina uzi wa Kiingereza, BSPT, wa moja ya nane ya inchi, wenye meno 28 kwa inchi. Ule wa Kimarekani, NPT, unafanana nao kwa macho lakini una meno 27. Unaingia mizunguko miwili, unakwama, ukilazimisha unaharibu uzi wa bloku. Maduka mawili walinipa wa Kimarekani wakiapa ni huo huo. Nimeupata kwenye duka la vifaa vya mabomba ya upepo, pamoja na tii ndogo ya shaba na koki. Upande mmoja wa tii inakaa geji ya kipimo cha psi, upande wa pili koki na mpira wa bomba la dawa.

Geji ya kweli ni ya lazima. Taa ya dashibodi inazima presha ikifika kidogo tu, haikuambii kama una 8 au 50.

Jumatano

Siku yenyewe. Mzee amekuja saa tatu asubuhi, akaomba kiti, akakaa pembeni ya bonneti. Fundi akamwamkia, "Shikamoo mzee wangu," akajibiwa, kisha hakuna aliyezungumza sana.

Oili ni ya madini, 15W-40, bila mchanganyiko wa kisasa wa sinthetiki, kwa sababu ringi mpya zinatakiwa zisuguane kidogo na silinda ili zikae. Dumu lilikuwa juani tangu saa moja. Oili iliyopata jua la Morogoro ni nyepesi, inapita haraka kwenye mpira mwembamba.

Kitabu kinasema lita 4.3 pamoja na filta. Mtu anaweza kukosea hapa: akajaza sampu kwanza mpaka alama ya juu, kisha akasukuma lita nyingine tatu kupitia tundu la swichi, zote zikamwagika kurudi sampu, akajikuta na lita saba ndani ya injini. Sisi tumeweka lita 1.3 kupitia mfuniko wa juu, tukiimwagia kamshafti (mhimili wa juu unaosukuma roka) na roka zenyewe, na lita 3 zimeingia kwenye bomba la dawa. Filta tumeilowesha ndani, lakini kwenye 22R haikai wima, ukiijaza pomoni inamwagika wakati wa kufunga.

Plagi zote nje. Waya wa koili umetolewa. Kava la roka liko wazi.

Fundi akapampu bomba mpaka likawa gumu, akafungua koki. Sindano ya geji ikagusa 5, ikabaki hapo. Ukiona hivyo usishtuke: mifereji ilikuwa mitupu, oili inajaza, hakuna kinachoizuia. Tukasikia ndani ya sampu matone, kwanza moja moja, kisha mengi pamoja kama mvua inayoanza kwenye bati. Ni beringi kubwa zinavuja pembeni zinavyotakiwa kuvuja. Baada ya dakika moja na nusu sindano ikaanza kupanda, 10, 12, ikasimama 15.

Mimi nilikuwa nimeshika spana namba 19 kwenye bolti ya puli. Kila fundi aliposema "robo," nilizungusha injini robo mzunguko, kwa mwelekeo wake wa kawaida, kamwe siyo kinyume, kwa sababu ya tenshena. Kuzungusha ni ili matundu ya krankshafti na ya juu yapate zamu ya kukutana na njia za oili. Unaihisi kwenye mkono. Robo za kwanza zilikuwa nzito, uzito wa chuma kipya. Robo ya tano au ya sita uzito ulibadilika. Spana ilianza kuteleza kama kitu kinachozunguka ndani ya asali, nzito bado lakini laini, bila kukwaruza popote.

Juu oili ilitokea kwenye roka za mbele kwanza. Kibofu cha hewa kilitoka kwenye tundu dogo la roka, kikapasuka, kikafuatiwa na kingine, kisha oili safi rangi ya dhahabu ikatambaa polepole kwenye mkono wa roka na kudondokea kamshafti. Ikasogea kwenda nyuma, roka baada ya roka. Ile ya mwisho, ya silinda ya nne karibu kabisa na ukuta wa dereva, ilikaa kavu muda mrefu. Nilimulika kwa tochi. Nikazungusha robo nyingine. Fundi akapampu tena. Kibofu kikatoka, kikapasuka, oili ikaja.

Mzee alisimama kutoka kwenye kiti akaja kuangalia. "Hiyo ndiyo ilikuwa haifiki?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ile siku haikufika mapema.

Ilichukua kama dakika tano na lita zote tatu.

Jumatano, mchana

Ilibaki nusu ya pili: kuthibitisha kwamba pampu yenyewe inanyonya. Oili iliyotoka kwenye bomba la dawa haiwezi kutuambia hilo. Iliingia baada ya filta, na filta ina kile kiraba cha kuzuia oili isirudi nyuma, kwa hiyo hata tone moja halikufika kwenye pampu.

Koki ikafungwa. Plagi bado nje ili injini izunguke bila kubana. Stata sekunde kumi. Geji sifuri. Tukapumzisha dakika moja. Sekunde kumi nyingine. Sifuri. Ya tatu. Sifuri.

Kijana akasema labda geji mbovu. Lakini geji ile ile ilisoma 15 nusu saa iliyopita. Akasema labda tuweke plagi tuwashe tu, ikipata mzunguko wa kasi itanyonya. Nilihisi damu inapanda, maana ndiyo maneno yale yale ya miaka minne iliyopita. Fundi alimjibu kwa upole kuliko mimi ningeweza: "Pampu iliyojazwa Vaseline na haijanyonya kwa sekunde thelathini inavuta upepo mahali. Kasi haizibi tundu."

Rejeta nje, puli nje, pampu nje. Uzuri wa 22R ni kwamba pampu inatoka bila kugusa kava la taimingi.

Ilikuwa oringi. Kati ya pampu na kava kuna oringi nene ya mpira inayokaa kwenye mfereji wake, ndiyo inayoziba njia ya kunyonyea. Siku ya Jumamosi tuliifunga ikiwa kavu. Pampu ilipobanwa, sehemu yake iliteleza nje ya mfereji ikabanwa kati ya chuma na chuma, ikakatwa kipande chembamba, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Pampu ilikuwa inanyonya kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliopasuka.

Nimekaa nacho mkononi kipande kile kwa muda. Kama tungewasha kwa kutegemea taa, injini ingewaka vizuri, kwa kuwa beringi zilikuwa na ile oili tuliyosukuma. Ingenguruma kwa utamu dakika moja, pengine mbili, huku ile oili ikiisha na hakuna nyingine inayokuja.

Stata ya sekunde thelathini haikudhuru kitu. Tumevua kofia ya konrodi moja? Hapana, hakukuwa na haja: beringi zilizunguka polepole, hazina mzigo, zimejaa oili ya bomba.

Alhamisi

Oringi mpya, ya Toyota yenyewe. Waliyotuuzia kwenye seti ya gasketi ilikuwa nyembamba kidogo ukizilinganisha kwenye kiganja. Fundi ameipaka Vaseline pande zote na kuigandisha kwenye mfereji, akaisukuma pampu kwa mkono mpaka ikakaa sawa bila bolti, akamulika pembeni kuona haijatoka, ndipo bolti zikaingia, akizikaza kwa kupokezana. Gia zimejazwa Vaseline upya.

Kwa kuwa injini ilikaa usiku mzima, tumerudia na bomba la dawa. Tumetoa lita 2 kwanza kwenye sampu, tukazirudisha zile lita 2 safi kwa njia ya swichi. Safari hii oili ilifika roka ya mwisho ndani ya dakika moja, kwa sababu mifereji ilikuwa imejaa tayari.

Koki imefungwa. Stata.

Sekunde ya kwanza mpaka ya tano hakuna kitu. Ya sita sindano ikatikisika. Ya nane ikaruka mpaka 20, na tulipoachia stata ilikuwa imefika 35. Bila plagi, bila petroli, kwa mwendo wa betri peke yake. Tukarudia ili kuhakikisha, ikapanda mara moja.

Nilimpigia mzee simu. Akasema, "Basi msiwashe leo, nisubirini kesho."

Ijumaa

Tii na koki vimetolewa, geji imebaki peke yake kwa mpira wake. Mzigo wa shaba unaoning'inia kwenye tundu dogo unaweza kukatika kwa mtetemo injini ikiwaka, na hapo oili yote inamwagika nje.

Kabureta imejazwa petroli kwa bomba la sindano kupitia mrija wa hewa, ili isilazimike kupigwa stata ndefu. Plagi zimerudi. Mzee akaingia kwenye kiti cha dereva, hakuna aliyempangia. Akazungusha ufunguo.

Ikawaka kwenye mzunguko wa tatu. Geji ilikuwa 60 kabla sijamaliza kugeuza shingo kuitazama. Taa ya dashibodi sikuiona kabisa ikiwaka baada ya injini kunguruma. Cheni kimya.

Tuliiweka kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika kama ishirini, tukiishusha na kuipandisha kidogo, kwa sababu kamshafti ni mpya na vichwa vya roka vinateleza juu yake, vinahitaji oili inayorushwa kwa wingi mpaka vizoeane. Rejeta iliongezwa maji mara mbili thamostati ilipofunguka. Moto ulipofika kawaida tukairudisha chini: 18 kwenye slow, wakati kitabu kinadai isipungue 4.3. Kwa mizunguko 3,000 ilisimama 52, karibu na katikati ya 36 hadi 71 ya kitabu. Vali zimerekebishwa injini ikiwa na moto, milimita 0.20 upande wa hewa na 0.30 upande wa moshi.

Oili ikamwagwa ikiwa moto ule ule. Filta tumeipasua kwa tindo kwenye ukingo, siyo kwa msumeno, maana msumeno unamwaga unga wake wa chuma na utashindwa kujua upi ni wa injini. Nimekunjua karatasi yake juu ya meza, mikunjo yote, na kuikagua kwa jua. Kuna mng'aro mwembamba wa kijivu kama unga wa kucha uliopakwa rangi ya fedha, na sumaku inaushika: ni ringi na silinda zinakaa. Hakuna punje ya rangi ya shaba hata moja. Nimeikunjua mara ya pili kutafuta shaba. Hakuna. Vaseline haionekani popote.

Filta mpya, oili mpya lita 4.3, swichi ya oili ya zamani imerudi mahali pake. Mzee ameondoka nalo mwenyewe mpaka nyumbani, bila mzigo, nami nikimfuata nyuma kwa bodaboda nikiangalia moshi. Haukuwepo.

Kilomita kwenye dashibodi leo jioni: 318,406. Mgeta haendi nalo mpaka oili ibadilishwe tena, kwenye 318,906.